Sosi Isiyo na Mafuta

Chupa ya kwanza waliimwaga kwenye sinki kabla haijafika nusu. Iliandikwa kwa herufi za kijani kwamba haina mafuta, na kweli haikuwa na mafuta, wala haikuwa na kitu kingine cha kumfanya mtu mwenye akili zake aitie mdomoni. Ilikuwa tamu mahali pasipohitaji utamu, kisha ikaacha ulimini ladha ya dawa ya kikohozi. Msusi aliijaribu kwenye matango, akaijaribu kwenye kabichi, akailamba peke yake kwenye kijiko, halafu akakaa akiitazama sahani yake ya majani.

"Hata mbuzi angeuliza kama kuna kingine," alisema mumewe.

Binti yao akaangua kicheko. Msusi hakucheka. Alichukua uma, akachoma kipande cha tango na kukitafuna kwa kukikomoa.

"Cheka tu," alimwambia mumewe. "Wewe goti lako linakunjika."

Goti la kulia la Msusi lilikuwa limekwisha. Daktari bingwa wa mifupa alimwonyesha picha yake na kumweleza kwamba pale ndani mfupa unasuguana na mfupa. Daktari huyo hakuwa wa hospitali ile. Alikuja mara chache kwa mwaka, akawapasua watu waliopangwa, akaondoka. Msusi alipangiwa safari yake ijayo kwa sharti moja, apungue hadi kilo tisini. Akizidi hapo hapasuliwi, na nafasi anapewa mwingine. Na bila goti hakuna kazi, maana kusuka mistari myembamba ni kazi ya kusimama. Alipojaribu kusuka akiwa amekaa, mistari ya utosini ilikwenda upande, na wateja wawili wa miaka mingi walihamia saluni nyingine bila hata kuaga.

Kwa hiyo alikula majani. Chai bila sukari aliizoea, mkate aliuacha, na chipsi za mumewe aliziaga kama mtu anayeagana na ndugu. Kilichomshinda ni ukavu. Letusi ilimkwama kooni, kabichi ilimchosha taya. Alichotaka ni kitu kidogo tu cha kulainisha, chenye ladha, kisichomrudisha alikotoka. Walijaribu siki na maji, akakunja uso mpaka binti yake akamwonea huruma. Walijaribu haradali, ikampanda puani, machozi yakamtoka mbele ya mgeni. Binti alitafuta kwenye simu, akaja na mchanganyiko wa maziwa ya soya na tufaha la kusaga ambao hata jina lake hawakulikumbuka kesho yake, ila harufu yake ilibaki kwenye blenda wiki nzima.

Mumewe aliyatazama haya yote kwa macho mawili, la mume na la mpishi, na yote mawili yaliuma. Mtaa mzima ulimwita Kaanga. Alikuwa na kibanda cha chipsi mkabala na lango la kiwanda cha sabuni, na kilichowapanga watu foleni pale saa ya mchana si chipsi zake, maana chipsi ni chipsi, bali sosi yake nyeupe. Sosi hiyo aliitengeneza mwenyewe, asubuhi, akiwa amewageuzia watu mgongo. Mtu ambaye kazi yake ni kuwafanya watu walambe vidole alikuwa akirudi nyumbani na kumkuta mkewe akila kwa machozi. Na watu wa kiwandani nao hawakumwacha.

"Kaanga, mbona mama anapukutika?" walimuuliza wakisubiri chipsi. "Umemnyima chakula, au amekionja akakikimbia?"

Alicheka nao huku akigeukia kikaango.

Dada yake ndiye aliyemaliza. Alikuja siku moja mchana, akakaa kwenye kochi, akamtazama Msusi kuanzia kichwani hadi miguuni kama mtu anayenunua kuku.

"Wifi, niambie ukweli. Unaumwa?"

"Naumwa goti. Unalijua."

"Goti halikondeshi mashavu. Mimi nakwambia kwa sababu ni wifi yangu, wa nje watakusema pembeni. Mke wa mpishi akikonda, watu wanasema mambo mawili. Ama mgonjwa, ama mume anapeleka vyakula nyumba nyingine."

"Waambie nipo kwenye dayati."

"Dayati ni ya watu waliokula wakachoka," wifi alisema. "Sisi tumeanza kula lini?"

Msusi alimjibu kwamba yeye ameanza zamani, na ushahidi ni mizani. Wakacheka wote wawili, lakini Kaanga, aliyekuwa akifunga kamba za viatu mlangoni, hakucheka. Alitoka akaenda kazini na neno lile la nyumba nyingine likimganda kichwani.

*

Jumamosi jioni Kaanga alirudi na chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri. Alisukuma sahani ya majani mbele ya mkewe, akamwagia sosi juu yake, akavuta kiti na kukaa.

"Onja."

Ilikuwa nyeupe yenye vitone vya kijani. Msusi aliigusa kwa ncha ya ulimi, kwa tahadhari, kama alivyozigusa nyingine zote. Kisha akatia uma mzima. Letusi iliteleza. Kabichi ikawa chakula. Kulikuwa na ndimu, kulikuwa na nanaa, kitunguu saumu kilikuja nyuma taratibu, na chini ya vyote hivyo kulikuwa na kitu laini kilichomtuliza hadi tumboni.

"Ni nini hii?"

"Mtindi. Ule uliotolewa mafuta. Ndimu, nanaa, kitunguu saumu, pilipili manga. Basi."

"Basi?"

"Basi. Unadhani mimi nakaanga tu? Mimi ni mpishi, mama."

Msusi alimaliza sahani, akaomba ya pili. Alichovya karoti, alichovya tango, mwishowe akafuta sahani kwa kidole. Halafu akainuka kwa lile goti lake, akazunguka meza na kumbusu mumewe kwenye paji la uso mbele ya binti yao, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu binti huyo apate akili. Binti aliziba macho. Kaanga alitazama meza.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilipumua. Kaanga alileta chupa mpya kila iliyopo ilipoisha, na akaitengenezea kulekule kibandani kwa sababu, alisema, vifaa vyake viko kule. Msusi aliibeba hadi saluni. Aliwaonjesha wateja, akawaambia kwamba mumewe alihangaika wiki kadhaa kumtafutia kitu kitamu kisicho na madhara, na nani mwingine ana mume wa namna hiyo? Wateja walilamba vijiko na kukubali kwamba hawana. Kwa mara ya kwanza tangu aanze dayati alilala bila kuota mkate.

*

Sijui ni nani aliyeamua kwamba mizani ya kliniki ile ikae koridoni. Huenda chumba kilikuwa kidogo. Ilikaa mbele ya mabenchi, watu wakiwa wamepanga mstari wanaitazama kama televisheni, na sista aliyepima alilazimika kupaza sauti ili mwenzake aliyekuwa dirishani aandike.

Msusi alivua viatu, akavua saa, akavua hata hereni, akapanda huku akitabasamu.

"Tisini na saba!" sista alisoma. Kisha akaangalia tena. "Mara ya mwisho ulikuwa tisini na tano. Umepanda, mama!"

"Haiwezekani."

"Mizani haina undugu na mtu. Umepanda kilo mbili."

"Sista, nakula majani. Asubuhi majani, jioni majani."

"Majani?" Sista aliwageukia watu wa kwenye benchi, si kwa ubaya, ila kwa mazoea ya mtu anayependa wasikilizaji. "Tembo naye anakula majani. Mama, sema kweli, usiku ukiamka unakula nini?"

Benchi likacheka. Hakuna aliyecheka kwa nguvu, lakini kicheko kidogo cha watu wengi kinatosha kumvua mtu nguo. Msusi alisimama juu ya mizani bila viatu, bila saa, bila hereni, akiwa ameshika mkoba wake kifuani.

"Sili usiku."

"Basi huyo anayekula usiku ana mwili kama wako. Nitakuweka pembeni, mama. Kuna mwenzako amefikia kilo zake, anangoja nafasi tu. Daktari hawezi kuja hapa kwa mtu asiyejitakia mema."

Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, goti likimchoma, kwa sababu hakutaka mtu wa kliniki amkute kituoni. Hasira alikuwa nayo ya kutosha. Tatizo ni kwamba hakujua ampelekee nani. Mizani haidanganyi, na yeye hadanganyi, basi mmoja wao ana wazimu, na mizani haiwezi kuwa na wazimu.

Jioni ile alimwita binti yake jikoni.

"Nikuulize kitu, na usinifiche. Umewahi kuniona nikiamka usiku?"

"Kwenda chooni?"

"Kuja huku. Kula."

"Mama! Hapana."

"Kuna watu wanatembea wamelala. Wanafungua friji, wanakula, asubuhi hawakumbuki." Alichomoa ufunguo wa jikoni kwenye pete ya funguo zake na kuuweka kwenye kiganja cha binti. "Funga wewe. Lala nao. Nikikuomba usiku, usinipe, hata nikikutukana."

Binti alishika ufunguo ule kama kitu cha moto. Alimtazama baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni, akitegemea aseme jambo, aseme hata kwamba mama anazidisha. Kaanga alifungua mdomo. Wakati ule, angesema neno moja tu, hadithi hii ingekuwa fupi na yeye angekuwa mtu mwingine. Alifunga mdomo, akasema amechoka, akaenda kulala.

Na akaendelea kuleta chupa. Hilo ndilo baya zaidi. Alipunguza kidogo alichokuwa akitia, akaona rangi inabadilika, akaogopa kuulizwa, akarudisha kama mwanzo.

*

Chupa ilijifichua yenyewe. Siku ya Alhamisi Msusi alifika saluni, akafungua mkoba na kukuta kizibo kimelegea. Sosi ilikuwa imevuja kwenye gazeti alilofungia chakula chake. Alipangusa kwa kitambaa, akalitandaza gazeti dirishani likauke, akaendelea na kichwa cha mteja.

Alipogeuka baadaye kuchukua kitana, alisimama. Gazeti lilikuwa limekauka, lakini pale sosi ilipomwagika karatasi ilikuwa imekuwa kama kioo. Maandishi ya ukurasa wa pili yalisomeka kupitia ukurasa wa kwanza. Alilinyanyua kwenye mwanga. Alikuwa mke wa mkaanga chipsi kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliwafungia watu chipsi kwenye karatasi kabla binti yake hajazaliwa. Maji yakikauka karatasi inajikunja. Mtindi ukikauka unaacha unga. Kitu kinachogeuza karatasi kuwa dirisha ni kimoja tu.

"Dada, umeona nini?" mteja aliuliza.

"Nimejiona mimi," alisema Msusi. "Samahani, mpenzi. Nitakumalizia kichwa jioni, na sitakutoza."

Alimfunga kitambaa kichwani, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akatoka.

Ilikuwa saa ya foleni. Wanaume wa kiwandani, waliovaa makoti ya bluu, walimpisha walipomwona anavyochechemea. Kaanga alikuwa akitikisa kikaango, akainua uso, akaona gazeti mkononi mwake. Hakuuliza. Mtu aliyetenda haulizi.

"Nipe sosi yako," Msusi alisema.

"Mama, ngoja niwamalize hawa..."

"Nipe sosi."

Mmoja wa waliokuwa foleni alimsogezea kopo la sosi nyeupe lililokuwa kwenye meza. Msusi alichovya kidole, akalamba. Akafungua chupa yake, akachovya, akalamba. Watu waliacha kusukumana, maana waliona uso wake.

"Umetia ndimu zaidi," alisema. "Na nanaa, ili nisiitambue. Mayonezi ni ileile. Mafuta ni yaleyale."

"Nusu yake ni mtindi. Wallahi, nusu ni mtindi kweli."

"Na nusu nyingine?"

Kaanga alizima jiko. Hakuwahi kuzima jiko saa ya foleni.

"Ulikuwa unalia mezani," alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku unalia. Nilijaribu ule mtindi mtupu, nakuapia nilijaribu, ukawa mbaya, nikasema nitie kidogo tu leo acheke, kesho nitapunguza. Halafu ukanibusu. Ningepunguzaje? Na hawa hapa kila siku wananiambia mke wako anakufa na njaa, dada yangu anasema nina nyumba nyingine. Mimi kazi yangu ni mtu ale afurahi. Sijui kazi nyingine."

"Kwa hayo ningekusamehe hapahapa na ukaendelea kukaanga," Msusi alisema. "Ulinitilia mafuta kwa mapenzi, sawa. Lakini niliporudi kliniki nimepanda, ulijua. Nilipomuuliza mtoto kama mimi ni mwendawazimu, ulikuwa umesimama mlangoni. Nilimpa mwanangu ufunguo wa jikoni kwangu mwenyewe anifungie kama mwizi, na wewe ukasema umechoka, ukaenda kulala. Ulilalaje?"

Watu wa foleni walitazama viatu vyao.

"Kesho hufungui kibanda. Tunakwenda kliniki."

"Nikaseme nini kule?"

"Hayo hayo. Kwa sauti hiyo unayoitia wateja."

*

Walifika benchi likiwa limejaa. Sista alikuwa palepale, karibu na mizani yake.

"Mama, siku yako si leo."

"Sikuja kupimwa. Nimemleta aliyekuwa akila usiku."

Sista alimtazama Kaanga, mtu mnene kiasi, aliyevaa shati lake la kwendea harusini, jasho likimtiririka. Kaanga alikohoa.

"Ni mimi," alisema kama anayesali. "Nilikuwa namchanganyia..."

"Sauti," alisema Msusi.

Kaanga alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Msusi hakumtazama. Alikuwa anatazama benchi.

"Ni mimi!" alisema Kaanga, na sauti iliyozoea kushinda kelele za kiwanda ikajaa korido nzima. "Mke wangu hakula usiku! Alikula majani kama mlivyomwambia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia mayonezi na mafuta kwenye sosi nikimwambia ni mtindi. Yeye hakujua. Nilimdanganya, na mlipomcheka nikanyamaza."

Mtu mmoja alicheka, akakuta amecheka peke yake. Mama mmoja mwenye magongo alisema, "Wanaume, jamani."

"Sawa," alisema sista. "Pole. Lakini mizani haijui nani alipika. Kilo ni kilo."

"Sibishani na mizani," Msusi alisema. "Nabishana na wewe. Daktari hajafika, bado miezi miwili kasoro. Wengine wote mnawapima mwisho siku moja kabla hajaja. Mimi umenitoa mapema kwa sababu uliniona mwongo. Sasa umejua sikuwa mwongo. Nirudishe. Siku ya mwisho nikizidi hata robo kilo, nitajitoa mwenyewe, hutanisikia."

"Yule mwenzako..."

"Umeshampigia?"

Sista alisita. "Bado."

"Basi bado ni yangu. Na kama yeye amefikia na mimi nikifikia, daktari ataamua. Hiyo ndiyo kazi yake."

Yule wa dirishani alikuwa ameshashika kalamu. Sista alimtazama, akatazama benchi, akaona kwamba wasikilizaji wake leo hawako upande wake. Alitikisa kichwa kukubali, na jina likarudishwa.

"Na samahani kwa yale maneno, mama," aliongeza chini chini, akijifanya anafuta mizani.

"Sijasikia," Msusi alisema. "Yale ya siku ile niliyasikia vizuri."

Sista alinyanyuka. Alikuwa mwekundu wa macho, nadhani kwa hasira zaidi kuliko kwa majuto, lakini alilisema.

"Samahani, mama! Nilikosea!"

"Ahsante, sista," alisema Msusi, na akaanza kushuka ngazi moja moja.

*

Wifi alikuja siku ileile jioni, hata kitini hakukaa.

"Umemwaibisha kaka yangu mbele ya watu. Mambo ya ndani ya nyumba unayapeleka hospitali?"

"Mwili wangu ndio ulipelekwa hospitali, wifi. Mimi nimeufuata tu."

"Mtu amekutilia mafuta kwa sababu anakupenda! Wenzako wanatiliwa sumu!"

"Mwambie akipenda aniulize kwanza nataka nini. Keti ule, au nenda. Leo nina majani."

Wifi alikwenda.

Jikoni sasa Kaanga hakuruhusiwa kushika hata kijiko. Aliketi mezani kama mgeni, akiletewa alicholetewa. Msusi alianza upya, peke yake, na mwanzoni aliharibu sana. Mtindi mtupu ulikuwa mchachu wa kuziba masikio. Akauchuja kwa kitambaa cha chai ukawa mzito, akatia tangawizi nyingi, ikawaka. Hakukata tamaa, alikuwa na hasira nzuri, ile inayoamka asubuhi na kutandika kitanda. Siku moja aliweka nyanya na pilipili hoho juu ya moto mtupu wa jiko hadi zikawa nyeusi, akazimenya, akaziponda na kitunguu saumu kilichochomwa, akakamulia ndimu, akatia kijiko kimoja cha ule mtindi uliochujwa. Ilikuwa na moshi ndani yake. Ilikuwa na ukali, na nyuma ya ukali kulikuwa na utamu wa nyanya yenyewe. Alikula akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya kigoda, akamwita binti yake aje haraka.

"Hii," alisema binti, "hii hata mimi naikubali, na mimi siko dayati."

Waliimwaga kidogo kwenye karatasi, wakangoja. Karatasi ilikauka na kujikunja. Wakapigana viganja kama wachezaji wa mpira.

Kaanga alionja usiku mlo ulipoandaliwa. Alifumba macho, akaisogeza sosi mdomoni kutoka shavu hili kwenda lile. Kazi yake ilimshinda adabu.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Ila kuna kitu kimepungua."

"Ni mkono wako," alisema Msusi. "Kula."

Akala.

*

Siku ya mwisho korido ilijaa kupita kawaida. Kaanga alimsindikiza hadi kwenye benchi, akabaki nyuma akiwa amemshikia mkoba. Msusi alivua viatu. Saa na hereni aliziacha; alisema kama kilo zenyewe hazijatoka, hereni hazitamsaidia.

Alipanda. Sista aliinama, akasoma, akainuka, akasoma tena. Safari hii hakugeukia benchi, lakini sauti aliitoa yote.

"Themanini na tisa na nusu!"

Mzee mmoja ambaye hakujua lolote alipiga makofi kwa sababu ya jinsi ilivyosemwa, na wengine wakamfuata. Yule wa dirishani aliandika. Msusi alibaki juu ya mizani kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akitazama watu wote kwenye benchi lile, mmoja mmoja, hadi machozi yalipoanza kumtoka. Hakuyafuta. Alikuwa ameyalipia.

"Utalazwa kesho asubuhi," sista alisema. "Usile chochote kuanzia usiku. Na mama, umekula nini, kwa kweli? Nina wagonjwa hapa wamenishinda."

"Nilichopika mwenyewe. Nikipona nitakuja nikuonyeshe."

Alivaa viatu na kutoka nje. Kaanga alimfuata hadi ngazini, akiwa ameukumbatia mkoba kifuani. Tangu siku ile ya kibandani alikuwa amekula kila alichopewa, amefungua kibanda na kukifunga kwa wakati, amelala upande wake wa kitanda bila kuuliza. Sasa alishindwa kuvumilia.

"Mama," alisema. "Goti limepata nafasi. Na mimi je? Utanisamehe lini?"

Msusi alichukua mkoba wake, akauning'iniza begani. Alimtazama mumewe, shati la harusini, jasho, macho yanayongoja, akahisi kwamba bado anampenda na kwamba hilo si jibu.

"Wewe kaa kwenye foleni," alisema. "Nitakuita."

Akashika chuma cha ngazi, akatanguliza mguu mzima, akashuka.